Papa, Jeki Zimepanda

Ixelles, Bruxelles
Jumanne, mchana

Papa mpendwa,

Kwanza goti. Mama ameniambia kwamba siku hizi ukitoka kanisani unashuka ngazi kinyumenyume, umeshika ukuta, kama ulivyokuwa ukishuka kutoka kwenye mashine zenu za mgodini. Je, bado liko hivyo? Dawa ya kuchua niliyompa yule maman wa kwaya aliyerudi huko, ilifika mikononi mwako au iliishia njiani kwa watu wengine? Na presha ya Mama? Na mahindi ya nyuma ya nyumba, mvua iliyakuta bado yamesimama? Nijibu yote. Usiniandikie tu "sisi wazima" halafu ukageukia mambo ya pampu.

Mimi mwili uko salama. Nakula, natembea, sijaugua. Ukiuliza moyo, kaa kwanza.

Barua yako ilinifikia kwa mkono, imekunjwa mpaka imekuwa kama kipande cha sabuni. Niliisoma nimesimama palepale Porte de Namur, watu wakinipita pande zote wakiingia na kutoka metro. Uliandika kama ulivyokuwa ukiwafundisha mafundi wapya kwenye karakana: kwanza hiki, halafu kile, mtu asiruke. Nimefuata kila neno. Papa, jeki zimepanda. Zote nne. Gari ambalo hujaliona hata kwa picha, uliujua ugonjwa wake ukiwa umekaa Likasi.

Ningependa kuishia hapo nikuache na furaha yako. Lakini kwa sababu jeki zimepanda, sina nyumba tena. Célestin analala kwa watu wengine na mimi kwa watu wengine. Barua hii naiandika kwenye saluni ya nywele ndani ya maduka ya Galerie d'Ixelles, nimekaa chini ya kikaushio kilichozimwa, karatasi nimeilaza juu ya gazeti la mitindo. Usidhani nakulaumu. Nataka tu habari uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa ndugu zake Célestin, maana ikipita kwao itafika imevaa nguo nyingine. Na Mama hajui hata nusu yake, kwa hiyo naanza mwanzo ili umsomee.

Mlinioza kwa Célestin akiwa hayupo. Mjomba wake ndiye aliyekaa kwenye kiti chake, na picha yake mkaiweka mezani katikati ya chupa za soda. Siku ile wote mlisema jambo moja: kijana ana nyumba yake mwenyewe Ulaya, hakai kwa watu. Mjomba alilirudia mpaka likawa kama sehemu ya mahari. Nami nililiamini, kwa nini nisiamini? Yeye mwenyewe kwenye simu alisema, "Tutakaa kwetu, Véro. Mulango yetu, ufunguo yetu."

Mlango ulikuwepo, na ufunguo. Aliponipokea uwanja wa ndege tulipanda basi mpaka Evere, mtaa mtulivu wa nyumba za matofali na bustani ndogo. Akanipitisha kwenye geti la mzee mmoja, tukazunguka nyuma ya nyumba ya mzee huyo. Uani lilikuwa limesimama gari refu kama basi. Watu wa hapa huliita mobilhome: mbele usukani, nyuma kitanda, katikati jiko, meza na choo. Célestin akafungua mlango, akaingiza sanduku langu, akasema, "Voilà, ndipo hapa."

Nikamuuliza, "Na nyumba iko wapi?"

Akacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni.

Nilikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Palikuwa na joto, palikuwa safi, na kweli hatukuwa tukikaa kwa watu. Gari lilikuwa la mzee wa lile geti, Monsieur Gaston. Alilinunua kwa Mmarekani aliyekuwa anarudi kwao, yeye na mke wake wakitaka kwenda kukaa Hispania baada ya kustaafu. Mke akafariki kabla ya safari. Célestin, aliyekuwa akimfagilia ua na kumkatia majani, akaachiwa kulala humo. Aliniambia gari limekufa, mzee amelisahau, tutakaa mpaka tuchoke sisi wenyewe. Kila Jumamosi Monsieur Gaston alikuja, akaketi kwenye usukani, akawasha injini, akaisikiliza kidogo na kuizima. Nikamuuliza Célestin mbona gari lililokufa linanguruma. Akanijibu, "Injini si kitu, miguu ndiyo imekufa. Acha tu, mzee anamukumbuka bibi yake." Na mzee alipozungumza habari za Hispania nilimsikiliza kama tunavyowasikiliza wazee wa kwetu wakisema mwaka kesho watajenga.

Ile miguu ndiyo niliyokuandikia. Gari lile likiegeshwa halisimami kwa magurudumu peke yake. Lina jeki nne za mafuta, moja kila pembe, zinazoshuka mpaka chini na kulisukuma ili sakafu iwe sawa. Tatu zilikuwa zimesimama imara. Ya nyuma kulia ilikuwa inanywea kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na swichi zake pale mbele hazikufanya kazi, hivyo hapakuwa na namna ya kuisukuma chini tena, wala ya kuzirudisha ndani zile nyingine ili gari liondoke. Tuliishi kwenye mteremko. Yai ukiliweka mezani lilikwenda lenyewe. Mlango wa choo ulifunguka mtu akiwa bado ndani. Hayo yalinichekesha. Kilichonikera ni friji. Friji ya gari lile inatumia gesi na haitaki kuinamishwa. Sakafu ikilala upande, inapoza kwa kusuasua na mwisho inaacha.

Na friji ndiyo iliyokuwa kazi yangu, Papa. Kila Ijumaa nilipika sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, Jumamosi nikavipeleka hapa Galerie kwa Maman Georgette, mwenye saluni hii, naye akawauzia wateja wake wakingoja kusukwa. Samaki walianza kuharibika. Safari ya mwisho kilikuwa chakula cha watu waliofiwa, chakula cha matanga, nikakifunua asubuhi nikakuta kinanuka. Nilimwaga sufuria nzima nikilia, nikaenda mikono mitupu kwa watu wenye msiba.

Nilipomwambia Célestin, alisema, "Pampu ilishakufa. Fundi wa haya magari alikuja zamani, mbele ya wewe kufika. Vipuri ni vya Amerika. Bon, tutaona."

"Papa yangu amekuwa fundi wa mashine za mafuta maisha yake yote. Nitamwandikia."

"Usimusumbue mzee wa watu na gari ya muntu," akasema, na akatoka nje kuvuta sigara kwenye baridi, yeye ambaye hukaa siku nyingi bila sigara.

Nilikuandikia hata hivyo. Nawe ukanijibu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, asubuhi ya jua baridi. Célestin alikuwa kazini. Anasafisha ofisi karibu na Porte de Namur, huondoka kabla watu wa ofisi hawajafika na kurudi mchana. Nilifunga kitambaa kichwani, nikaiweka barua yako kwenye kiti cha dereva, nikaanza.

Breki ya mkono: imevutwa. Ulisema magari mengine yanakataa kutumia jeki kama breki haijavutwa. Tangi la mafuta: nikafungua, nikatazama, sikuongeza. Ulinionya kwamba jeki zikiwa nje mafuta yamo ndani yake, na mtu akijaza tangi wakati huo yatamwagika zikirudi. Yalikuwa chini, mekundu, hayana povu wala maji. Kisha ukasema nibonyeze swichi na nisikilize. Pampu ikilia bila kitu kusogea, nitafute mafuta au valvu. Ikigonga tu kwa unyonge, betri imechoka. Ikiwa kimya kabisa, niachane na mafuta, nifuate waya.

Nilibonyeza. Taa ndogo ya swichi iliwaka, lakini kimya, Papa. Kimya kabisa.

Nikafuata waya. Nilipiga magoti nje, kwenye kile kisanduku cha ubavuni chenye betri na pampu. Chini ya gari sikuingia. Ulipigia mstari maneno yale mpaka karatasi ikatoboka, kwamba mtu asiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Waya mwekundu ulikuwa mahali pake, umekaza. Ule mweusi, unaoiunganisha pampu na chuma cha gari, haukuwa umekatika wala kuliwa na kutu. Ulikuwa umefunguliwa. Ncha yake imezungushiwa utepe mweusi, vizuri, kwa mkono wa mtu asiye na haraka, kisha imesukumwa nyuma ya betri.

Nikamlaani yule fundi nisiyemjua. Nilijiambia: mwizi huyu alifungua waya ili auze vipuri vya Amerika! Nikatoa utepe, nikakwangua chuma kwa kisu cha jikoni mpaka kikang'aa, nikarudisha waya na kukaza nati. Nikapanda kwenye kiti, nikabonyeza.

Pampu ilinguruma kama ng'ombe. Nilipiga kelele peke yangu mle ndani. Niliisukuma chini ile jeki ya nyuma kulia, na sakafu yote ikapanda polepole chini ya miguu yangu mpaka ikalala sawa. Kisha nikafanya ulivyosema kuhusu uchafu wa kwenye valvu: nikaiinua, nikaishusha, nikaiinua, nikaishusha, mafuta yapite na kuusukuma. Nikangoja. Haikunywea tena. Nilitaka Célestin arudi wakati uleule. Nilikuwa nimeshapanga namna nitakavyomkalisha mezani na kumwekea yai mbele yake.

Aliyekuja ni Monsieur Gaston, kandambili miguuni na kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa ameisikia pampu kutoka jikoni kwake.

"Inafanya kazi?" aliuliza. Hakuamini. "Madame Véro, inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, Monsieur."

Aliweka kikombe chini kwenye majani. "Zirudishe ndani. Zote. Tafadhali."

Nikabonyeza. Tatu zikarudi zikipumua. Ya mbele kushoto ikagoma katikati, kwa sababu nguzo yake ilikaa nje muda mrefu ikashika kutu. Hilo nalo ulilisema. Mzee alikimbilia ndani, mzee yule mwenye pumzi fupi, akarudi na kopo la mafuta mepesi ya kupuliza na matambara. Yeye akapuliza na kufuta nguzo akiwa amechuchumaa nje, mimi nikaishusha na kuiinua kidogo kidogo, huku tukipigiana kelele, "Tena! Ngoja! Tena!" kama watu waliofanya kazi pamoja tangu ujana. Mwisho ikaingia yote. Gari likatua kwenye magurudumu yake, likayumba, likatulia. Monsieur Gaston akaegemea ubavu wa gari akalia. Alinikumbatia, akaniita malaika.

Papa, mimi niliona fahari. Nikataka aone nilivyoupata ugonjwa. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye kile kisanduku, nikamwonyesha waya, nikaokota ule utepe nikampa. "Tazama, ilikuwa hii tu! Yule fundi wako alifungua waya akaufunga utepe. Alikudanganya."

Aliugeuzageuza ule utepe vidoleni.

"Hakuna fundi aliyewahi kuja," akasema. "Célestin aliniambia atashughulikia mwenyewe."

Alikuwa ameelewa kabla yangu. Mimi bado nilikuwa natabasamu. Aliukunja utepe, akautia mfukoni, akaniambia kwa upole sana kwamba ataondoka Jumapili. Daktari alimwambia tangu mwaka juzi kwamba kifua chake hakitakiwi kupitisha baridi nyingine Bruxelles.

"Na sisi, Monsieur?"

Alionekana kushangaa kweli. "Makubaliano yalikuwa mpaka gari litengenezwe. Célestin anajua. Hakukuambia?"

Akachukua kikombe chake kwenye majani akaingia ndani.

Nilimsikia mzee yule akikohoa baridi nzima, Papa. Ukuta wa chumba chake uko karibu na mahali tulipolala. Nilimpelekea chai ya tangawizi, nikamchemshia maji ya mvuke. Na bwana wangu alikuwa amelala ubavuni mwangu akikisikia kikohozi hichohicho.

Célestin alirudi mchana na mkate kwapani. Hakuniona kwanza. Aliliona gari, lilivyokuwa limeshuka, halina mguu hata mmoja chini. Alisimama getini na hakuingia.

"Nani aligusa?"

"Mimi."

"Nani alikuambia uguse?"

"Papa yangu aliniambia nifuate waya. Nikaufuata."

Alikaa kwenye ngazi ya mlango akaweka mkate magotini. Nilingoja akasirike, maana hasira ningeijibu. Akazungumza kwa sauti ya chini, akitazama mkate.

"Mwanzo iliharibika kweli. Masi, ule waya mweusi, ilishika kutu. Nikatafuta, nikatafuta, nikaiona, nikasafisha, pampu ikalia. Nilikuwa nataka kwenda kumuita mzee. Alors, siku ile ile ndiyo nilipata simu ya mjomba: mahari imekubaliwa, bibi yako anakuja. Véro, miye nilikuwa nalala chumba kimoja na wanaume wanane mbele ya kupata hii gari. Ningekuweka wapi? Nikafungua waya tena. Nilifanya kwa ajili yako."

"Usiniwekee mimi waya huo," nikamwambia. "Hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungesema nini?"

"Ningesema mzee anakohoa."

"Voilà," akasema. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Nilimwuliza kwa nini basi aliniacha niishi mle bila kujua, nikiwaandikia ninyi, nikisema bwana wangu ana bahati na wazungu. Hapo ndipo alipokasirika. Alisema ninyi ndio mliotaka nyumba. Alimwambia mjomba wake mara ya kwanza kwamba anakaa ndani ya gari la muntu, na mjomba akamjibu kwamba habari hiyo haiwezi kupelekwa kwa bakwe, kwa ninyi wenye binti. Mjomba ndiye aliyeligeuza gari kuwa nyumba, yeye akanyamaza tu. Sijui kama ni kweli. Unaweza kumwuliza mjomba, au usimwulize. Lakini niliona kwamba kuna watu wengi waliokaa ndani ya gari lile pamoja nasi, na wote wako Likasi wanakunywa bia.

Siku zilizobaki tulipangusa, tukafunga vitu, tukazungumza juu ya vitu tu. Sahani hizi za nani. Blanketi hili tuliache. Monsieur Gaston hakumsemesha Célestin neno. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa adabu, anafungua geti, anasema pardon, anapita. Ningependelea matusi. Mtu akikutukana bado anakuona.

Jumapili Célestin alivaa koti lake la kanisani. Gari lile ni refu na geti ni jembamba, mzee asingeweza kutoka peke yake. Bwana wangu akasimama barabarani, akainua mikono, akamwongoza kinyumenyume, "Njoo, njoo, kata kushoto, simama, njoo," mpaka nyumba yetu yote ikatoka nje bila kugusa ukuta. Mzee akashusha kioo. Alinipa mimi mkono. Célestin alikuwa amesimama pembeni yangu, mkono wake umeshaanza kuinuka. Kioo kikapanda.

Célestin alirudi uani akachukua ufagio. Kwenye majani palikuwa na alama nne mahali jeki zilipokanyaga mbao zilizotandikwa chini yake, udongo umekandamizwa mgumu kama sementi. Akafagia pote, akazikusanya zile mbao, akazipanga ukutani. Nilimwambia, "Célestin, yule mzee ameondoka. Unamfagilia nani?" Akamaliza, akafunga geti, akatupa ufunguo kwenye sanduku la barua.

Tulipanda basi na masanduku mpaka huku. Maman Georgette anakaa ghorofani na binti zake na dada yake, akasema mwanamke mmoja anaweza kujibana, mwanamume hapana. Célestin akaenda kwa vijana wa Kolwezi, kulekule kwenye chumba cha wanaume. Mchana nafagia nywele hapa saluni, naosha taulo, napika kwenye jiko la Maman Georgette. Friji yake ni nzuri. Wateja wanasema chakula changu kimekuwa kitamu zaidi. Wananiuliza bwana yuko wapi, nami nasema yuko kazini.

Papa, nina uchungu ambao sijui niumwagie nani. Mzee ana haki. Célestin ana sababu. Wewe ulinifundisha vizuri. Kila mtu nikimshika namwona ana jibu lake, na mimi ndiye ninayelala na miguu ya watoto wa watu mgongoni. Nikikumbuka nilivyomwekea yule mzee utepe mkononi, nikitabasamu, nikimshitaki bwana wangu bila kujua, natamani nisingejua kusoma.

Basi mwambie Mama asilie. Kama atalia, umwache alie kidogo tu. Kaka yangu, Yaya Joseph, asimamishe lori lake siku moja anitafutie ule unga wa muhogo wa kwetu, atakayesafiri ataniletea. Huu wa hapa una harufu ya duka. Shangazi wa sokoni umpe mkono wangu, umwambie sijasahau kwamba ndiye pekee aliyeuliza nyumba hiyo ina vyumba vingapi, mkamnyamazisha. Mzee katekista aniweke kwenye sala zake. Baba mkwe akikuuliza, mwambie tumehama, na usiongeze. Ni mzee, na hakujua.

Alhamisi, naendelea.

Nilikuwa nimeshaifunga barua, nikaifungua tena. Jana Célestin alikuja saluni mchana, akasimama mlangoni mpaka Maman Georgette akachoka kumtazama akaniambia nitoke. Alisema kuna chumba ameonyeshwa Evere, juu ya duka la mboga, karibu na kituo cha tramu, lakini hajasema ndiyo. Anataka nikione kwanza.

Tulikwenda kwa basi. Ngazi zinanuka vitunguu. Alifungua mlango, na kabla sijaweka mguu ndani akaanza, akionyesha kwa kidole kama mtu wa mahakamani.

"Ukuta huu unaingiza maji mvua ikinyesha. Choo ni cha watu wote, kiko chini. Dirisha hili halifungi, nitaweka karatasi. Hakuna jiko, ila kuna mahali pa kuweka la gesi. Juu kuna muntu anapiga redio. Mwenye nyumba nimemwambia tuko wawili. Nimemwambia ukweli, akasema sawa, lakini ikija mutoto tutatoka."

Nilitembea. Si pa kutembea sana. Nikagusa ukuta, vidole vikarudi na maji.

"Na kitu kingine?" nikamuuliza.

"Hakuna kingine."

"Célestin. Kitu kingine?"

Akafikiri. Akasema, "Kitanda ni cha mupangaji aliyetoka. Anaweza kurudi kukichukua."

Sikumwamini kwamba amemaliza, Papa. Huenda nitakaa miaka mingi nikimngoja amalize. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia, ananingoja mimi niseme, na redio ya juu inaimba. Nilikuwa na baridi na hasira na sikuwa na mahali pengine.

Nilivua koti, nikamwambia alete maji na sabuni tuanze na ule ukuta.

Binti yako anayekusalimu kwa magoti yote mawili,

Véronique